Kizimba cha chuma kutoka Kongowea, kwa mbwa anayeshukiwa ugonjwa wa mgongo

Nimemlipa fundi wa kuchomelea vyuma wa Kongowea shilingi 8,500 anitengenezee kizimba cha mbwa, nacho kimekaa sebuleni kwangu wiki sita, usiku na mchana. Nilipokuwa nakitafuta sikumpata mtu hapa Mombasa wa kunieleza kiwe na kipimo gani, cha chuma gani, kwa bei gani, na kosa lipi la kuepuka. Basi naeleza mimi. Kazi yangu ni kushona mapazia na makava ya makochi, niko Tudor, na utepe wa kupimia hauniondoki shingoni, kwa hiyo vipimo nitavitaja vyote.

Muhogo ni dakshundi, wale mbwa warefu wa miguu mifupi wenye asili ya Ujerumani, waliozalishwa ili waweze kuingia mashimoni kuwinda. Nilimpata kwa mteja wangu wa Nyali aliyekuwa anahama nchi. Wakati huo alikuwa na miaka miwili, sasa ana sita. Jina nilimpa mimi, kwa rangi yake na urefu wake. Miaka yote hiyo minne analala chini ya cherehani, na mashine ikianza kunguruma ndipo usingizi unapomchukua.

Mwezi wa tatu, Alhamisi jioni, hakuja chini ya cherehani. Alisimama mlangoni, kichwa ameinamisha, mgongo umejikunja kwenda juu kama upinde, anatetemeka. Nikamwinua kama nilivyozoea, mikono kwapani, miguu ya nyuma ikining'inia. Alipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena maishani. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Nikadhani ni tumbo linamuuma, maana watoto wa jirani walikuwa wamempa kaimati mchana ule.

Nikampigia simu muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo. Akaja na pikipiki, akamdunga sindano moja, hakumshika mgongo, hakumtembeza, akachukua shilingi 800 akaenda zake. Ijumaa asubuhi Muhogo akaamka mzima. Alikula, alitikisa mkia, na nilipogeuka kumfungulia mteja mlango akapanda kochi akaruka chini. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Jumamosi miguu ya nyuma ikawa inayumba kama ya mtu aliyeshuka chomboni bahari imechafuka. Akitembea, kucha za nyuma zinakwaruza sakafu, chrr, chrr, kwa kuwa hainui wayo sawasawa. Nilisikia ile sauti kabla sijaona kitu.

Rafiki yangu wa Bamburi, anayefuga mbwa watatu, akanipa namba ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa, anayezuru majumbani. Ada yake ni shilingi 3,000 ukiwa kisiwani. Alifika saa nne asubuhi, akavua viatu, akakaa sakafuni na Muhogo karibu saa nzima. Nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu kizimba bila uchunguzi kama ule ni sanduku tu.

Kwanza hakumwinua. Alimwacha atembee juu ya zulia, akatazama kutoka nyuma. Kisha akamshika kifuani, akaugeuza wayo mmoja wa nyuma, ule upande wa juu ukagusa chini. Mbwa mzima huurudisha papo hapo, hata hujamaliza kuuachia. Muhogo aliuacha hivyohivyo, kama si wake, nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo akaurudisha. Wa kulia ulichelewa zaidi ya wa kushoto. Daktari akapapasa uti wa mgongo pingili kwa pingili, taratibu, na alipofika pale mbavu za mwisho zinapoishia Muhogo akakaza tumbo, akageuza kichwa. Mwisho akambana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Muhogo akalia na kugeuka kumtazama. Daktari akasema, "Hilo ndilo nililotaka kuona, mama." Kuvuta mguu tu hakutoshi, maana mguu huweza kujivuta wenyewe. Kinachotakiwa ni mbwa mwenyewe ajue kwamba ameumizwa.

Akanieleza kwa tende, nilikuwa nazo mezani. Kati ya pingili na pingili kuna diski, nje ina ukanda mgumu, ndani ina ute wa kupokea mishindo. Kwa dakshundi ute huo huanza kukauka mapema, wengine hata kabla ya kutimiza mwaka, ukawa kama chokaa. Akaibana tende kwa vidole viwili, kokwa ikachomoka ubavuni. Kokwa hiyo ikichomoka kwenda juu inagonga ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Wengi hupatwa wakiwa na miaka kati ya mitatu na saba. Katika dakshundi wanne au watano, mmoja hupatwa na shida hii maishani mwake. Tena ni jambo la damu: mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, kwenye kromosomu ya 12 ya mbwa, ndiyo inayozeesha diski hizo mapema, na nakala nyingine ya jeni hiyohiyo ndiyo inayowapa ile miguu mifupi. Niliuliza kama ni lile kochi. Akasema kochi linaweza kumalizia, lakini diski ilianza kuharibika zamani.

Ugonjwa huu una ngazi tano za ukali, naziandika kama nilivyozipata. Ya kwanza ni maumivu tu. Ya pili anatembea lakini anayumba. Muhogo alikuwa hapo. Ya tatu miguu inacheza ila haimbebi. Ya nne haichezi kabisa lakini kidole kikibanwa anasikia. Ya tano hasikii chochote, na hapo ni upasuaji wa haraka, ndani ya siku moja au mbili, na hata hivyo si wote wanaosimama tena. Kwa ngazi mbili za kwanza wengi hupona kwa dawa na kufungiwa. Akaniambia pia kwamba yeye anasema "tunashuku", na ataendelea kusema hivyo, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ugwe wa neva. Inaweza kuonyesha nafasi iliyobanana au diski iliyogeuka chokaa, na inasaidia kujua kwamba hakuna mfupa uliovunjika, lakini jibu kamili ni kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata ugwe wenyewe. Kwa mbwa anayetembea na anayesikia maumivu, tulikubaliana tuanze matibabu kwa shaka hiyo na tumtazame kila siku. Miguu ikifa, nimpigie saa hiyohiyo hata ikiwa usiku wa manane.

Ndipo akauliza alidungwa nini Alhamisi. Namshukuru Mungu nilikuwa nimekiokota kile kichupa. Deksamethasoni. Uso wake ulibadilika. Dawa hiyo ni steroidi, na alikuwa amekusudia kumpa meloksikamu ya kupunguza maumivu na uvimbe. Hizo mbili hazichanganywi, huchubua tumbo hadi likatoka damu. Kwa hiyo ilibidi Muhogo akae siku kadhaa kwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, peke yake, tena ya vidonge, kwa kuwa baadhi ya zile za maji za binadamu zina sukari ya zailitoli ambayo ni sumu kwa mbwa. Nikaambiwa nitazame kinyesi kila siku, kikiwa cheusi kama lami nipige simu. Siku hizo Muhogo alizivumilia bila dawa iliyokuwa inamfaa zaidi, kwa sababu ya sindano ya shilingi 800. Mwenye mbwa yeyote anayesoma hapa, usimpe panado, diklofenaki wala brufeni yako, na usikubali sindano ambayo jina lake hujaandikiwa kwenye karatasi.

Kisha akasema wiki sita kizimbani. Nilimwomba tuseme tatu. Akakataa, akanipa sababu ambayo nimeirudia kwa watu wengi tangu siku ile: ule ukanda wa nje wa diski uliochanika unahitaji wiki nyingi kufunga kovu, lakini dawa huondoa maumivu ndani ya siku chache. Mbwa anajiona mzima, anaruka, na kilichobaki cha kokwa kinatoka. Ndivyo ilivyokuwa ile Ijumaa. Kizimba hakikuwekwa kwa ajili ya siku anayolia. Ni kwa ajili ya siku anayofurahi.

Siku ileile nilinunua boksi la plastiki la kusafirishia mbwa, shilingi 6,000, kwenye duka moja la vifaa vya wanyama. Usinunue. Lilikuwa na urefu wa sentimita 60, Muhogo akilala anajikunja, na mgongo ndio uliotakiwa unyooke. Pande zake zimezibwa, kuna vitundu tu kama vya kopo la pilipili, na Mombasa mwezi wa tatu unajua jinsi ilivyo. Nilitia mkono ndani baada ya nusu saa nikahisi kama nimefungua sufuria ya wali. Mbwa anahema, ulimi nje, na kila akihema ubavu unatikisika. Chini ni plastiki tupu, utelezi. Dukani walikataa kulipokea tena kwa sababu mbwa ameshaingia. Sasa nawekea vitambaa.

Kwa siku tatu za kungoja kizimba nilifunga viti vinne vya meza kwa leso, migongo ikitazama ndani, nikatandika godoro la mtoto. Ilisaidia kwa sababu bado alikuwa na maumivu na dawa ya kumlewesha kidogo. Asingekaa humo siku ya nne.

Kongowea nilimkuta fundi akichomelea geti. Nikamchorea kwa chaki sakafuni. Nilitaka urefu wa sentimita 90, upana 75, kimo 50, na mfuniko. Vipimo hivi havikutoka hewani. Daktari alisema mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala amenyooka, asiweze kutembea hatua tatu wala kukimbia. Muhogo kutoka puani hadi mwanzo wa mkia ana sentimita 62. Kimo nilikipunguza na nikataka mfuniko kwa kuwa dakshundi akisikia hodi husimama kwa miguu ya nyuma akashika ukuta, na kusimama hivyo ndiko kunakokatazwa. Fundi alisema, "Dada, hiki ni cha kuku." Nikamweleza kisa chote. Akazima mashine, akauliza mbwa ana uzito gani, akabadilisha chuma alichokuwa ameshika, akachukua cha mraba chembamba zaidi ili kizimba kisiwe kizito kwangu kukisogeza ninapofagia. Wavu akatumia wa matundu ya inchi moja, ili mguu wala taya lisinase.

Nilikwenda kukichukua siku ya tatu, kama alivyoahidi. Kazi ya kona ilikuwa nzuri, pembe zote zimekaa mraba, nimezipima. Lakini kulikuwa na makosa mawili na nayasema yote. La kwanza, mlango ulikuwa na kizingiti cha chuma chini, kama sentimita tano. Kwa mbwa mwingine si kitu. Kwa mbwa anayekwaruza kucha, kizingiti cha sentimita tano ni ukuta, atajaribu kuruka au ataanguka. Ilibidi kikatwe na fremu iimarishwe kwa pembeni, ikachukua saa mbili. Hakunidai nyongeza. La pili ni vinundu vya kuchomelea ndani. Kwa macho huvioni. Mimi nilikuwa na kipande cha shifoni mkobani, nikakipitisha polepole kwenye kila kiungo. Kilipokwama, hapo pana ncha. Kilikwama mahali kumi na moja. Fundi alitazama kile kitambaa kilivyovutika nyuzi, akaenda kuchukua msasa mwenyewe, na juzi nilipopita nikamwona ametundika kipande cha hariri ukutani kwake kwa kazi hiyo.

Rangi nilimsihi apake ya kuzuia kutu kwanza, halafu ya juu, kwa sababu hewa ya chumvi hapa hula chuma bila huruma. Alipaka. Ila harufu: kizimba kilikaa barazani siku nzima na usiku mmoja kabla sijamtia mbwa. Ukiagiza, hesabu siku hiyo. Usafiri wa pikapu kutoka Kongowea kuvuka daraja la Nyali hadi Tudor ulikuwa shilingi 800, na vijana wawili wa kupandisha ngazi nikawapa 200.

Ubaya wake ambao sikuutatua: hakikunjiki. Kimechomelewa kipande kimoja, na sebule yangu ni ndogo, ina mashine mbili na meza ya kukatia. Kwa wiki sita wateja walipita ubavu. Kama una nafasi ndogo mwambie atengeneze pande nne mbali mbali zifungwe kwa nati. Alinitajia bei ya 9,500 kwa cha namna hiyo. Na komeo lilikuwa linalia kwa kishindo, Muhogo akishtuka kila nikifungua. Nilivisha kipande cha reksini kwenye ulimi wa komeo, kelele ikaisha. Mlango una bawaba za pini, unang'oka wote ukitaka. Hilo lilikuwa wazo la fundi, na ni zuri kuliko yote niliyomwambia mimi.

Ndani nilishona godoro mwenyewe. Sponji ngumu ya inchi mbili, ile laini mbwa huzama na kuhangaika kusimama. Juu yake reksini inayopanguswa, juu ya reksini shuka la pamba lililobana pembe zote kwa lastiki lisijikusanye. Chini kabisa kipande cha mpira wa sakafuni, kwani sakafu yangu ni ya vigae na kizimba kilikuwa kinateleza akigeuka. Nilitandaza pia mabaki ya zulia kutoka kizimbani hadi mlango wa nje, kama njia. Zulia ni shilingi 500 mita, na katika vitu vyote nilivyonunua hakuna kilicholeta tofauti ya haraka kama hicho: mguu uliokuwa unatawanyika kwenye kigae ulikaa chini yake.

Siku ya tano, ile siku ya kufurahi ilifika kama daktari alivyosema. Muhogo aliamka anadai kutoka. Alibweka, alikwaruza wavu, akanitazama kwa yale macho. Mtu asiyeambiwa mapema atafungua. Mimi nilihamisha cherehani. Niliivuta hadi ikagusa kizimba, pedali ikawa karibu na pua yake, nikaanza kushona mapazia ya mteja wa Kizingo. Baada ya dakika kumi akalaza kichwa. Tangu siku hiyo cherehani haikurudi mahali pake mpaka wiki sita zikaisha.

Wavu ulipitisha hewa vizuri, pangaboi likiwa juu, lakini umeme ulipokuwa ukikatika mchana kulikuwa na joto. Mama mwenye nyumba wetu anakaa chini. Yeye mbwa hamgusi, dini yake naiheshimu na Muhogo hajawahi kupita mlangoni kwake bila kamba. Siku ya tatu ya ugonjwa alisimama ngazini akauliza, "Mgonjwa wako kaamkaje, mwanangu?" Jioni mjukuu wake akaja na feni ndogo ya kuchaji. "Nyanya kasema ya mgonjwa." Ilikaa juu ya kizimba wiki zote sita, na mpaka leo amekataa nimrudishie.

Kumtoa nje kulikuwa mara nne kwa siku, dakika tatu au nne, akojoe tu. Kukojoa ni jambo la kuangalia kwa makini: mbwa ambaye neva zimebanwa anaweza kushindwa kabisa kutoa mkojo, kibofu kikajaa kama mpira, na hilo ni la kumwita daktari siku hiyohiyo. Niliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, saa na kiasi. Nipo ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na saba. Kumbeba nilifundishwa: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa na sakafu, umgandamize kwako. Kamwe si kwapani.

Chini, kumsaidia kusimama, daktari alisema kuna mikanda maalumu ya kuagiza. Mimi nilichukua leso. Moja kuukuu, niliyoinunua Barabara ya Biashara miaka mingi iliyopita, jina lake limeshafifia halisomeki. Leso mpya ina ukakamavu wa wanga, inakata. Iliyofuliwa miaka inanyonya na kulala kwenye ngozi. Nikaikunja mara tatu kwa urefu, upana ukabaki kama kiganja na nusu, nikaipitisha chini ya tumbo mbele kidogo ya mapaja, ncha zote mbili mkononi. Huinui mbwa. Unashika tu uzito ule utakaoanguka akiyumba. Siku za mwanzo nilisikia leso ikivutwa kila hatua, mara kulia, mara kulia. Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, chini ya mwarobaini wa uani, nikahisi leso imelegea mkononi. Nikaishusha kidogo. Alitembea hatua sita hadi kwenye ukuta, akainua mguu wa kulia kukojoa, akasimama kwa wa kushoto peke yake. Nilisimama pale nikalia, na mama mwenye nyumba akanitazama kutoka dirishani akaelewa.

Daktari alikuja mara tatu kwa jumla, na katikati nilimtumia video kwa WhatsApp. Ana mapungufu: simu yake usiku haishikwi mara ya kwanza, unapiga mara tatu nne, na kwa mgonjwa ambaye saa zinahesabika hilo linatisha. Nilimwambia, akanipa namba ya pili. Zaidi ya hapo sina la kulalamika. Meloksikamu alipoianza aliipima kwa uzito, akaniandikia nimpe na chakula, na akaisimamisha mwenyewe bila kungoja niulize.

Uzito nao tumeushughulikia. Muhogo alikuwa na kilo 10.6, alikuwa mnene nami nikiita afya. Sasa ana 9.1. Kaimati, mahamri na makoko ya ugali yamekwisha, na watoto wa jirani nimewapa kazi ya kumkatia tango. Wanalikata vipande vidogo sana, kwa uangalifu, na kila mmoja anataka zamu yake.

Baada ya wiki sita nilimwagiza seremala wa hapa Tudor mteremko wa kupandia kochi: plaiwudi, urefu mita 1.2 kwa kochi la kimo cha sentimita 35, zulia juu, shilingi 4,000. Kazi safi, lakini kwa pesa hiyo sikushauri uanze nao. Bila kingo za pembeni Muhogo alishuka nusu akarukia ubavuni, jambo lilelile tulilokuwa tunalikimbia. Nimeongezea kingo za sentimita kumi kila upande, na wakati sipo kochi linalazwa ubavu. Kola ya shingoni nimeiacha pia, nimemshonea mkanda wa kifua.

Sasa tunatembea dakika kumi na tano asubuhi, kabla jua halijapanda. Tulianza na tano, tukaongeza kidogo kidogo. Mguu wa kulia bado unakwaruza akichoka, si kila siku, na nikiusikia tunageuza njia tunarudi. Kizimba kimebaki sebuleni kando ya cherehani. Muhogo huingia mwenyewe magharibi akilala juu ya lile godoro, amenyooka kutoka pembe hadi pembe. Mlango nimeung'oa kwenye pini zake, nikazipaka mafuta ya cherehani, nikauweka nyuma ya kabati la vitambaa, mahali ninapoweza kuufikia gizani.